Maiki Haiko Ng'ambo ya Korongo

Manka mwanangu,

Begi lako limefungwa tangu asubuhi, na baba yako ameshaandika orodha yake: usile vya barabarani, usitoe simu ovyo stendi, mpigie shangazi ukifika. Karatasi ilijaa akaigeuza, akaendelea upande wa pili. Sina la kuongeza hapo. Una miaka ishirini na tatu. Kama hujui kununua maji ya kunywa, hilo ni kosa la malezi na muda wa kulisahihisha umepita.

Mimi nina jambo jingine, na naliandika sasa, saa tisa alasiri, kwa sababu hupo. Umeshuka mjini, Majengo, kumuaga Bi Zuhura, mwalimu wako wa sauti. Alasiri yako ya mwisho nyumbani umempa yeye. Nilikuuliza getini utarudi saa ngapi, ukasema hujui, ukacheka. Basi nimekaa barazani na kalamu, nami nitasema ilivyo: nina wivu. Namwonea wivu Bi Zuhura. Nakuonea wivu wewe. Na wivu huo haukukaa moyoni tu. Ulitenda kitu, na kitu hicho unapaswa kukijua kabla hujapanda basi.

Unajua jinsi watu wa Kibosho wanavyonisema. Wanaonipenda husema mwalimu ana hoja, wasionipenda husema ana kelele, na baba yako husema nikifa itabidi wanizike mbali na kanisa ili misa isikilizike. Nimebishana na wenyeviti watatu wa kijiji. Nimebishana na wahariri waliokata barua zangu katikati wakaacha salamu na jina. Nilibishana na paroko siku alipofunga spika kanisani, nikamwambia kwamba mashine ile itawafanya wasomaji wake wawe wavivu wa kufungua kinywa. Hoja hiyo ya vipaza sauti nimeibeba kuliko zote. Nimeiandikia magazeti, nimewachosha nayo walimu wenzangu, wewe mwenyewe umeila pamoja na mtori tangu ukiwa mdogo. Sehemu yake bado naiamini. Lakini ilianzia kwenye kidonda, na kidonda hicho sikuwahi kukionyesha kwa mtu.

Babu yako ndiye aliyekuwa akiita watu kwenye msaragambo. Mfereji wa maji ukiziba, siku ya kazi ya pamoja lazima itangazwe, na watangaziwa wako ng'ambo ya korongo, kila mmoja ndani ya kihamba chake cha kahawa, migomba imemfunika. Babu alisimama ukingoni, akapuliza pembe, kisha akaita: siku gani, majembe au mapanga, ukoo gani uanze juu. Kifua chake kilipochoka wanaume walijaribu mmoja mmoja, na sauti zao zikaishia mtoni. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Jioni moja nikasogea ukingoni bila kuombwa, nikaita. Ng'ambo wakajibu.

Kuanzia hapo kazi ikawa yangu. Pumzi unaivuta hadi chini ya mbavu, maneno unayachagua mafupi, mwisho wa neno unauvuta, kisha unanyamaza hadi mwangwi urudi. Hakuna mwanaume wa upande wetu aliyeweza. Siwezi kukueleza utamu wake, binti wa miaka kumi na sita anasema neno na nyumba arobaini zinashika majembe.

Nikiwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nilisikia kwamba wanatafutwa vijana wa kuigiza michezo ya redioni, na kwamba majaribio yanafanyika mjini Moshi. Nilishuka asubuhi na viatu vya mama yangu. Ndani kulikuwa na maiki imening'inia na fundi mitambo mmoja mwembamba, hedifoni masikioni. Alinipa karatasi. Mwanamke ameketi kando ya kitanda cha mume wake mgonjwa, anambembeleza anywe uji. Aliniambia nisimame umbali wa shubiri moja. Nikavuta pumzi hadi chini ya mbavu, nikaita.

Fundi alizivua hedifoni kama amemwagiwa maji ya moto. Alisugua sikio, kisha akaniambia, na nakiri alisema kwa upole, "Dada, mgonjwa wako yuko kitandani hapo. Hayuko Machame."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. Akaniambia nirudi nyuma nusu hatua nijaribu tena, taratibu.

Manka, hakuna aliyewahi kuisahihisha sauti yangu. Nilimwambia kwamba mashine ndiyo inayopaswa kumfuata mtu, si mtu kuifuata mashine. Nilimhutubia kuhusu watu wa milimani na mabepari wa mjini wanaotaka tunong'one. Nilikuwa nimesoma vitabu vitatu wakati ule na vyote nikavimwaga pale. Kisha nikatoka na viatu vya mama.

Nimekuambia maisha yako yote kwamba walinikataa kwa lafudhi yangu ya Kichagga. Si kweli. Dharau hiyo ipo, nimeiona kwingine, na atakayekuonyesha huko Dar nipigie simu nije. Lakini siku ile hakuna aliyeitaja. Nilipewa nafasi ya pili nikaitupa mwenyewe.

Aliyeitwa baada yangu alikuwa binti mdogo wa Majengo, amevaa buibui, mwenye sauti ambayo ungedhani anaiweka akiba kwa ajili ya Idi. Nilisimama nje ya dirisha nikijifanya nafunga kiatu. Alisogea karibu na maiki, akaugeuza uso kidogo upande, akamuuliza mumewe kama uji umepoa. Hilo tu. Mimi niliyekuwa nje niliusikia mkono wake ukishika kikombe. Walimchukua.

Unamjua. Ni Bi Zuhura.

Ndiyo maana miezi minne iliyopita, uliporudi umefurahi, ukasema umepata mama mmoja anayefundisha uigizaji wa sauti nyuma ya duka la fundi cherehani, na ukamtaja jina, mimi niliingia jikoni. Nilimenya ndizi hadi baba yako akauliza kama tuna msiba.

Kabla yake nilikuwa nimekufundisha mimi. Nilikusimamisha ukingoni mwa korongo na gazeti mkononi, na mke wa mjomba wako ng'ambo akirudia alichosikia. Sijutii yote. Pumzi ya tumboni, mabega yasipande, taya lifunguke, neno lisife kabla ya silabi ya mwisho: hayo ni yako, na hakuna studio itakayokunyang'anya. Kosa langu ni kwamba nilikufundisha nguvu nikadhani nakufundisha kufika. Koo lilipokuuma nilikuambia linakomaa. Uongo. Koo likiuma maana yake linafanya kazi ya tumbo, unapaswa kuacha, unywe maji ya uvuguvugu na uanze upya chini zaidi. Ulikaukiwa sauti wiki nzima, nami nikakupa tangawizi nikajivuna kwa majirani. Siku nyingine ikikauka, usinong'one ukidhani unaipumzisha, kunong'ona nako kunaichosha. Nyamaza kabisa. Ni jambo ambalo mama yako hajawahi kuliweza, kwa hiyo hukuliona likifanywa nyumbani.

Na ile sauti ya kwanza uliyowatumia wale wa studio ya Dar wanaotafuta waigizaji wa sauti, unakumbuka ni nani alikuambia uiweke simu karibu na mdomo umimine yote. Kila ulipotamka neno lenye P au B ilisikika kama mtu anapiga godoro kwa fimbo, na penye kilio sauti ilipasuka. Nilifurahi sana. Niliisikia sauti yangu mwenyewe.

Sasa nikueleze siku niliyowafuata Majengo. Nilisema naenda kusalimia, nikabeba mkungu wa ndizi na chupa ya maziwa. Fundi cherehani alinionyesha benchi, kisha kitambaa chekundu kikatundikwa kwenye mlango wa nyuma, naye akaacha kukanyaga cherehani katikati ya mshono. Akaweka kidole mdomoni kwake kunionya, mimi, niliyewanyamazisha wenyeviti watatu. Kumbe ndiyo taratibu yao: kitambaa kikiwa mlangoni duka zima linashika pumzi, hata mteja mwenye haraka.

Pazia lilikuwa wazi kidogo. Niliona magodoro ukutani, mablanketi kwenye dari, dirisha limezibwa kwa vipande vya nguo. Nilimwona Bi Zuhura ameutanua mkono wako kati ya mdomo wako na maiki, kidole gumba kwenye mdomo, kidole cha mwisho kwenye maiki, akasema huo ndio umbali wako, unatembea nao. Alikusogeza usiitazame maiki usoni, useme ukiipita pembeni, ili upepo wa P uende zake ukutani. Penye kilio hakukuambia upunguze. Alikuambia lia vilevile, ila rudi hatua moja na uugeuze uso. Penye siri sogea, lakini pumzi ya tumboni usiilegeze, maana sauti ndogo isiyo na pumzi chini yake inasikika kama mtu aliyechoka tu. Akakuvua bangili. Akakuonyesha kuweka karatasi mezani usiishike, na kumaliza sentensi kabla ya kugeuza ukurasa. Mwisho akakuuliza unazungumza na nani. Ukasema wasikilizaji. Akatikisa kichwa, akasema maiki ni sikio la mtu mmoja, mtaje.

Ukamtaja kimyakimya, sikusikia ni nani. Kisha ukasoma yule mwanamke anayemkatalia mwanawe mlango. Sauti yako haikupanda hata kidogo. Mimi niliyekaa kwenye benchi la fundi nilijua mlango uko wapi, mwana yuko wapi, na mama ameshika nini. Manka, miaka saba nilikupigia kelele ukingoni na sikuwahi kuisikia sauti ile. Wivu ulinijaa mdomoni kama chuma.

Kitambaa kilipotolewa, ulipita mbio kwenda kununua maji bila kuniona. Bi Zuhura alitoka akanitazama kidogo.

"Karibu, Mama Manka," akasema. "Wewe ndiye uliyesema mashine imfuate mtu."

Nilimuuliza kama bado anacheka.

"Mimi sikucheka," akasema. "Niliogopa. Nilikusikia nikajua sauti ile sina. Ndiyo maana nikasogea karibu."

 Akaendelea kusema kwamba wewe una sauti zote mbili. Ya karibu anakuonyesha yeye, ile nyingine ulikuja nayo kutoka nyumbani. Halafu akapokea ndizi, akazisifu.

Mtu mzima angefurahi. Mimi nilipanda mlima nimekasirika kuliko nilivyoshuka. Angenitukana ningemweza, hiyo ndiyo kazi yangu. Wema wake sikujua niushike wapi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi ujumbe wa studio ya Dar uliingia kwenye simu yangu. Simu yako ilikuwa kwa fundi wa simu kule Pasua, kioo kimevunjika, na ulikuwa umewapa namba yangu. Walisema wamekusikia. Walisema una pumzi nzuri ila unailemea maiki, na wakaomba uwatumie vipande viwili vipya kabla ya Alhamisi saa sita mchana.

Niliusoma zizini, ndoo ya maziwa mkononi. Pumzi nzuri, hiyo yangu. Unailemea maiki, hiyo pia yangu. Wote wawili tulikuwa tumeitwa tena, na ni mmoja tu ambaye angekwenda. Nikaitumbukiza simu kwenye mfuko wa aproni.

Nilijiambia nitakuambia nikimaliza kukamua. Kisha baada ya chakula. Jumanne ikapita. Jioni ile ukiosha vyombo uliniuliza kama kuna chochote kimeingia. Nilikuwa nyuma yako, umbali wa mkono. Nikasema, "Bado, mwanangu."

Sikupaza sauti. Sikutetemeka. Maneno mawili, pumzi chini, karibu na sikio la mtu mmoja. Ulinishukuru. Ndiyo igizo bora zaidi nililowahi kutoa maishani, na nililitoa kukuibia.

Usidhani nilitubu. Jumatano jioni baba yako alichukua simu yangu ampigie daktari wa mifugo, akauona ujumbe. Aliiweka mezani mbele yangu.

"Mwambie wewe," akasema. "Nikimwambia mimi hutaweza kumtazama tena."

Akatoka kwenda kwa ndama. Mpaka leo hajalitaja. Nikakuita, nikakuonyesha, nikasema ni mtandao, huku mlimani ujumbe huchelewa. Hata hapo nilidanganya. Ulilia kidogo, kisha alfajiri ukapanda bodaboda, ukamgongea Bi Zuhura mlango. Baadaye nilisikia kwamba fundi cherehani hakushona kitu asubuhi nzima. Sare za shule zilimngoja, wazazi walimgombeza, na kitambaa hakikutoka mlangoni hadi ulipotuma. Yule mtu hana undugu na wewe. Mama yako alikuwa nyumbani anapalilia kahawa na kutazama jua limefika wapi. Nikikuambia nilikuombea ufaulu nitakuwa naongeza uongo wa tatu. Niliomba vyote viwili, kwa zamu.

Walikuchukua. Na Jumapili iliyopita, jumuiya ilipokuaga, ulisimama ukasema kwamba yote uliyonayo ni ya mama, kwamba mama ndiye aliyekuona mapema. Watu wakapiga makofi. Niliinamisha kichwa wakadhani nalia kwa furaha, na mmoja akanipa leso.

Hilo ndilo nililokuwa nalo. Sasa machache, kisha nimalize.

Unakwenda kutia Kiswahili kwenye vinywa vya wanawake wa nchi nyingine, kwenye tamthilia ambazo nimeziandikia vibaya magazetini mara mbili. Bado naziona ni za kipuuzi, mapazia mengi na matajiri wanaoanguka ngazini. Lakini yule mwanamke aliyefungua mdomo kwa lugha yake atasemewa na wewe, na mtu wa Rombo anayechambua maharage mbele ya runinga atamwamini au hatamwamini kwa sababu yako. Mtazame mdomo wake unapoanza na unapofunga, halafu umsahau, umtazame anayeambiwa.

Utaambiwa urudie. Utaambiwa mara kumi kwa neno moja, na fundi aliye mdogo kuliko wewe. Utasikia joto likipanda shingoni, joto hilo umelirithi kwangu, nalijua njia yake. Rudia. Mimi niliombwa nusu hatua tu nyuma. Ningeipiga ile nusu hatua, labda ningekuwa mwigizaji mbaya wa redio, nikafukuzwa baada ya mwaka, nikarudi Kibosho nimetulia. Badala yake nilipata hoja ya kubishania miaka thelathini. Hoja ni kitu kizuri na mimi nimeishi nazo, lakini ile ilikuwa mlango nilioufunga mwenyewe nikauita ukuta wa watu wengine.

Na siku moja, kwenye chumba hicho, ataingia binti baada yako mwenye kitu usichokuwa nacho. Utaungua. Siwezi kukuambia usiungue, nitakuwa mnafiki. Ninachoweza kukuambia ni uuangalie mkono wako wakati huo. Wangu ulikwenda kwenye mfuko wa aproni, na mimi niliyesoma vitabu vyote hivi nilikuwa naufikiria mkono wa Bi Zuhura badala ya wangu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuikunja barua hii katikati ya khanga zako, uikute Dar. Nimefika hapa nikaona ninachotaka kufanya: kukuficha tena ujumbe, safari hii hadi niwe mbali na uso wako. Hapana. Nitakupa mkononi leo, ukirudi tu, kabla ya chakula. Kaisome chumbani. Baba yako atasubiri, mimi pia. Ukitoka na hasira, nipo, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii sitajibu. Usiamini hadi uone, lakini nitajaribu.

Kama hutaki nikusindikize stendi kesho, nitaelewa. Baba yako atakupeleka. Ila usimtume yeye aje kuniambia. Njoo uniambie mwenyewe, usogee karibu. Huna haja ya kupaza sauti.

Mama yako